Mtoto akigaagaa dukani, nani anamfundisha nani?

Juzi nilikuwa dukani nasubiri chenji, pembeni yangu mama na mtoto wake wa miaka kama minne hivi anataka ubuyu. Mama kasema hapana. Mtoto kaomba tena, hapana. Basi kajitupa chini kagaagaa, kandambili moja huko nyingine kule, watu wote tunaangalia, na yule mama kwa aibu akachomoa mia mbili, haya shika lakini ni mwisho leo. Kimya hapo hapo. Mimi ni mshauri nasaha, kazi yangu ni kukaa na wazazi wanaosema mtoto kanishinda, na pale nikawa nahesabu kimoyomoyo: hapana mbili, ndiyo moja, na ndiyo imekuja baada ya kugaagaa sio baada ya kuomba.

Hili jambo limechunguzwa zamani sana. Mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike mwaka 1898 aliandika kuhusu paka aliokuwa anawafungia kwenye kizimba, chakula kiko nje, paka anakwaruza, anang'ata, anajibamiza, mpaka kwa bahati tu anagusa kamba mlango unafunguka. Akirudishwa ndani anahangaika tena ila kadiri siku zinavyoenda muda unapungua, mwisho anaifuata kamba moja kwa moja. Hajapewa somo na mtu, kilichomfundisha ni matokeo. Mwenzake B. F. Skinner akaja kuendeleza kwa panya na njiwa, na hapa ndio pananivutia zaidi, maana aligundua kwamba njiwa anayepata punje kila akidonoa, siku ukimkatia anaacha mapema tu, lakini yule aliyezoea kupata mara moja moja bila mpangilio anadonoa na kudonoa hata kama hakuna kitu. Skinner mwenyewe alifananisha na kamari. Nenda kaangalie vijana kwenye mashine za dubwi mtaani utamuona yule njiwa.

Sasa mzazi anayesema hapana mara tano halafu ya sita anakubali kwa vile kachoka, huyo ndio kawa dubwi. Kwa kukaza zile mara tano anadhani anajenga nidhamu, kumbe anamzoesha mtoto kulia kwa muda mrefu zaidi.

Na mama naye anafundishwa pale pale jamani! Kelele zimeisha, aibu imeisha, kwa hiyo kesho atatoa haraka zaidi. Kitaalamu huku ni kuimarisha tabia kwa kuondoa kero, na watu wengi hata waliosoma wanachanganya na adhabu, sio adhabu kabisa, adhabu inapunguza tabia na hii inaiongeza.

Mtaniuliza basi tuchape? Mwanasaikolojia Albert Bandura pale chuo kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1961 aliwaonyesha watoto mtu mzima akilipiga na kulitukana doli kubwa la upepo, wakafanya vile vile, wengine na maneno yale yale. Baadae, 1965, akaonyesha wengine mkubwa anaadhibiwa kwa kupiga, hawa waliiga kidogo, ila walipoahidiwa zawadi wakaiga sawa na watoto ambao hawakuona adhabu, yaani walishajifunza, walikuwa wanakausha tu. Kwa hiyo fimbo inaweza kuzima tabia mbele yako na papo hapo ikamfundisha mtoto kwamba mwenye nguvu anapiga.

Ninachowaambia wazazi ni kwamba kama unajua utatoa, toa akiomba vizuri mara ya kwanza. Kama ni hapana, iwe hapana ya nyumba nzima, baba, dada wa kazi, bibi. Na mjiandae, maana tabia ikianza kunyimwa malipo inaweza kupanda kwanza ndio ishuke, wengi wanakata tamaa pale inapopanda. Hapa siongelei mtoto mwenye njaa au anayeumwa, huyo kilio chake kisikilizwe.

Kwangu tulikuwa na vita ya simu na mwanangu wakati wa kula. Siku ya tatu ndio ilikuwa mbaya kuliko zote, alilia mpaka akatapika wali na mimi nilishaishika simu mkononi nikairudisha mfukoni. Siku ya sita akaomba mara moja tu akaendelea kula. Wiki iliyofuata bibi yake kaja kutusalimia, nimetoka kunawa mikono nawakuta wako kwenye mkeka wanaangalia katuni.