Vitafunio vya mbwa na paka: maana ya kanuni ya asilimia 10

Kanuni ya asilimia 10 ni kipimo wanachokitumia madaktari wa mifugo kujibu swali la kila mwenye mbwa au paka: nimpe vitafunio kiasi gani asinenepe? Maana yake ni kwamba kati ya kalori zote anazokula mnyama kwa siku, zile za vitafunio zisizidi sehemu moja ya kumi. Sehemu tisa zitoke kwenye chakula chake kamili, maana humo ndimo zilimo protini, madini na vitamini anazohitaji.

Wengi hukosea hapa: sehemu hiyo ya kumi haiongezwi juu ya mlo, inatolewa ndani yake. Ukishampa vitafunio mchana, bakuli la jioni lipungue kwa kiasi hichohicho.

Chukua mbwa mzima wa kilo 10. Kalori 600 hivi humtosha kwa siku, kwa hiyo fungu lake la vitafunio ni 60. Kipande cha jibini cha ukubwa wa kiberiti, gramu 30, kina kalori kama 120, yaani mara mbili ya fungu lote. Kwa paka wa kilo 4, ambaye hutosheka na kalori 200 hadi 250, kipande hichohicho ni karibu nusu ya chakula cha siku nzima. Kwetu sisi hicho ni cha kuonja tu.

Si lazima umnyime. Mbwa hahesabu gramu, anahesabu mara ngapi mkono wako umemfikia. Katakata jibini hilo vipande vidogo kama punje ya dengu, umpe kimoja, kisha umtazame: anameza bila kutafuna, anakukazia macho, mkia unapiga sakafu kama vile amepewa kipande kizima. Karoti mbichi pia inafaa. Au chota punje chache za chakula chake cha asubuhi, uzitunze kwa ajili ya mafunzo.

Nyumba yenye watu wengi ina tabu yake, kwani kila mmoja humpa akidhani ni yeye peke yake. Wekeni fungu la siku kwenye kopo moja. Likiisha, limeisha mpaka kesho.

Zabibu, chokoleti, vitunguu na chochote chenye zailitoli (kitamu kinachotumika badala ya sukari) havimo kabisa kwenye hesabu hii. Ni sumu.

Utajuaje kama amezidi? Pitisha vidole ubavuni. Mbavu zikipapasika kama mifupa ya mgongo wa kiganja chako, yuko sawa. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, apunguzwe. Jambo hili lina uzito: utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote, na waliolishwa asilimia 25 pungufu kuliko wenzao waliishi karibu miaka 2 zaidi.

Ila paka mnene usimkatie chakula ghafla, nakusihi. Akikaa siku chache bila kula, mafuta hujaa kwenye ini na anaweza kufa. Mpunguzie polepole, na daktari wa mifugo ndiye akupangie kiasi.