Viti vya nje, spika za nje: leseni ya baa haikupi ruhusa ya kelele

Malalamiko kuhusu baa na mikahawa yenye viti vya nje yamezidi mijini, na mengi yanafanana. Baa iliyokuwa ndani ya jengo imefunga turubai uani, ikapanga meza na kuning'iniza spika mbili, na jirani hapati usingizi. Mwenye baa akiitwa ofisini huja na leseni zake zote, na zote ni halali. Hushangaa akiambiwa kwamba hakuna hata moja inayohusu kelele.

Leseni ya vileo ni ya kuuza pombe mahali palipotajwa humo. Kibali cha biashara cha kaunti ni cha kuendesha biashara. Kelele zina kanuni zake: Kanuni za Udhibiti wa Kelele na Mitetemo Mikali za 2009, chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, sambamba na sheria za kaunti. Desemba 2022 Kaunti ya Nairobi ilipofuta leseni za klabu za usiku zilizo katika mitaa ya makazi, baadhi ya wenye baa na mikahawa waliobaki na leseni walijiona wameidhinishwa kupiga muziki. Hawakuidhinishwa.

Viwango vimo katika jedwali la kwanza la kanuni. Mchana, maeneo ya utulivu na ya ibada yamewekewa desibeli 40. Makazi, 50 nje ya nyumba na 45 ndani. Makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani, 55. Maeneo ya biashara, 60. Usiku ni 35 kote. Kwa hiyo ile hoja ya "hapa ni eneo la biashara" inakufaa mchana tu. Na usiku wa kanuni hizi unaanza saa 2:01 usiku hadi saa 12:00 asubuhi. Saa nne ambayo kila mtu huitaja haimo katika jedwali hilo.

Viwango hivyo ni wastani wa muda mrefu, saa 14 za mchana na saa 10 za usiku, basi kicheko kimoja cha mteja hakivunji sheria. Lakini pia kanuni zinakataza kelele inayosumbua bila sababu, na hapo afisa huangalia saa ngapi, nyumba ziko karibu kiasi gani, kama sauti imekuzwa kwa mitambo, na kama ingeweza kupunguzwa bila gharama wala taabu kubwa. Spika ya uani hushindwa karibu kila swali kati ya hayo.

Desibeli 35 ni kidogo sana. Watu wawili wakizungumza kawaida, sauti hufika takriban 60 kwa umbali wa mita moja. Chukua spika inayotoa 95 kwa mita moja, kiwango cha kawaida kabisa cha baa. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kama desibeli 6. Mita 10 ni 75. Mita 100 ni 55. Ili ifike 35 kwa umbali peke yake unahitaji kilomita moja. Hakuna ploti ya namna hiyo Kilimani wala Nyali.

Ndiyo maana "nimepunguza kidogo" haileti nafuu. Ukipunguza nguvu ya amplifaya kwa nusu, unapoteza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Jirani atasema sauti imepungua nusu pale inaposhuka desibeli 10, yaani nguvu ibaki sehemu moja ya kumi. Turubai, mianzi na maua ya ua havizuii sauti, hata vikipendeza namna gani. Ukuta wa mawe husaidia iwapo unakata njia kati ya spika na dirisha la jirani. Anayeishi ghorofa ya tatu haumsaidii kitu. Paa la mabati hurudisha sauti na kuitupa pembeni.

Besi ndiyo mkorofi mkubwa. Hupenya kuta, na kipimo cha desibeli kinachotumika huipa uzito mdogo, kwa hiyo programu ya simu inaweza kuonyesha namba nzuri huku vioo vya jirani vikitetemeka. Mitetemo ina kikomo chake: sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa ploti. Na maikrofoni ya simu haijasawazishwa kama kipimo cha afisa. Itumie kujikagua, usiilete kama ushahidi.

Kinachofanya kazi ni hiki. Spika kubwa na subufa zibaki ndani, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Nje weka spika ndogo kadhaa, chini, karibu na meza, zikielekea jengo lako mwenyewe, ili mteja asikie bila kuwasha nguvu kubwa. Usizifunge kwenye ukuta unaoshirikiana na jirani. Weka kidhibiti cha sauti chenye kufuli, na ufunguo akae nao meneja. Ukimwachia DJ, kazi yote ni bure. Ikifika saa mbili, muziki wa nje uzimwe.

Kwa hafla maalumu, leseni ya kuzidi viwango huombwa NEMA kabla ya siku yenyewe. Ni ya muda mfupi. Haigeuzwi kuwa cheti cha kila wikendi.

Meza zilizovuka mpaka wa ploti ni suala jingine. Hifadhi ya barabara si uwanja wako kwa sababu inapakana na mlango wako. Ruhusa ya maandishi hutoka kwa mamlaka ya barabara hiyo, KURA, KeNHA, KeRRA au kaunti. Usijenge jukwaa la mbao juu ya mtaro. Taka hunasa chini yake na mvua za Machi zikianza maji huingia dukani kwa mwenzako. Na baa ya kawaida, kwa sheria ya kitaifa ya 2010, huuza saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi na sikukuu. Meza za nje haziongezi hata dakika.

Adhabu chini ya kanuni za 2009 ni faini isiyozidi shilingi 350,000, kifungo kisichozidi miezi 18, au vyote viwili, na vyombo vinaweza kuchukuliwa kama vielelezo. Asiyeridhika na uamuzi wa NEMA ana siku 60 za kukata rufaa.

Nawe jirani, video ya sekunde kumi haithibitishi kiwango, maana simu hujirekebishia sauti yenyewe. Andika tarehe, saa ya kuanza na kuisha, na chumba ulichosikia, kwa wiki mbili mfululizo. Taja baa moja katika kila barua. "Baa zote za mtaa wetu" haikaguliki. Kisha piga simu wakati kelele inaendelea. Afisa akija Jumatatu asubuhi atapima magari.