Picha za hospitali kutabiri matokeo ya tiba ya saratani ya mlango wa kizazi, maana yake nini?

Wamama wawili wana saratani ya mlango wa kizazi, wote steji 2B, yaani uvimbe umeshatoka kwenye mlango wa kizazi ukaingia nyama za pembeni ila haujafika kwenye ukuta wa nyonga. Tiba yao ni ileile: mionzi ya nje wiki kama 5, dripu ya sisplatini (dawa ya kuua seli za saratani) kila wiki, halafu mionzi ya ndani inayopitishwa ukeni mpaka karibu na uvimbe wenyewe. Baada ya miaka 3 mmoja yuko sokoni anauza nyanya zake, mwingine ugonjwa umerudi. Steji moja, dawa moja, mbona hivyo?

Hapo ndo inapoingia hii habari ya kutabiri kwa picha. Kwa lugha rahisi ni kwamba picha ya MRI au PET (mashine za kupiga picha za ndani ya mwili) haipigwi tu kuonyesha uvimbe uko wapi, inasomwa pia kujua tabia ya huo uvimbe, ili daktari akadirie mapema kama tiba itaushika au inabidi iongezwe nguvu. Ni makadirio jamani, sio kumpangia mtu siku ya kufa.

Tabia gani sasa? Kuna ukubwa, na kuna matezi ya nyonga, saratani ikishayafikia mambo yanakuwa mazito ndo maana mwaka 2018 FIGO (shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi) waliruhusu picha zihesabiwe kwenye kupanga steji, na matezi yakiwa na saratani steji inaitwa 3C hata kama uvimbe ni mdogo.

Ila mimi kinachonigusa zaidi ni habari ya damu. Mionzi inaua seli vizuri pale penye oksijeni, sehemu isiyofikiwa na damu inakuwa sugu. Kwa hiyo kwenye MRI mgonjwa anachomwa dawa ya kung'arisha picha, penye damu panang'aa, penye njaa ya damu panabaki hafifu, na uvimbe ambao sehemu yake kubwa imebaki hafifu ndo wa kuangalia kwa jicho kali. Kuna MRI nyingine inapima maji yanavyotembea ndani ya nyama: seli za saratani zimebanana maji hayana pa kupita, tiba ikianza kuziua nafasi inapatikana, na hayo mabadiliko yanaweza kuonekana hata kabla uvimbe haujasinyaa.

PET yenyewe inatumia sukari yenye mionzi kidogo, saratani inaila sana hiyo sukari kwa hiyo inawaka. Utafiti wa St. Louis, Marekani, uliotoka 2007 ulifuatilia wanawake 92 waliopigwa PET miezi kama 3 baada ya tiba. Ambao hakuna kilichowaka, asilimia 78 walifika miaka 3 bila ugonjwa kuendelea. Waliobaki na mabaki yanayowaka, asilimia 33. Walioonekana na sehemu mpya, hakuna hata mmoja. Na hiyo miezi 3 haikuwekwa ovyo, ukipiga mapema sana nyama zilizochomwa na mionzi nazo zinawaka, inachanganya.

Siku hizi kompyuta nazo zinafundishwa kusoma hizi picha, zinatoa mamia ya vipimo ambavyo jicho halivioni. Tatizo programu iliyofundishwa kwa picha za mashine moja inaweza kukosea ikipelekwa hospitali nyingine.

Huku kwetu PET ni chache na MRI ni gharama, hilo linaniuma kwa sababu wamama wetu wengi wanafika wakiwa wamechelewa. Lakini wazo lenyewe halihitaji mashine kubwa kila mara, hata daktari akipima kwa mkono kabla ya mionzi ya ndani anaweza kujua uvimbe umepungua kiasi gani. Kwa hiyo kama unauguza mtu, muulize daktari hivi: uvimbe ulikuwa sentimita ngapi mwanzo, sasa hivi ni ngapi, na mionzi ya ndani imepangwa kwa kuangalia huo uliobaki?