Eria ya faili siyo folda, jamani

Nimesikia tena wiki hii. Jamaa kawasha BBS yake (ubao wa matangazo wa kompyuta, watu wanaingia kuacha ujumbe na kubadilishana mafaili) kwenye Raspberry Pi, kikompyuta kidogo cha Linux, safi kabisa, nikampa hongera, halafu baada ya siku mbili anakuja na malalamiko: "nimeongeza folda mpya ya mafaili ila watu wakiingia hawaioni, hii programu mbovu." Programu haina ubovu wowote. Ametengeneza folda, hajatengeneza eria, na mtu akishazoea kuita eria folda basi tatizo likitokea atalitafuta pasipokuwepo mpaka usiku wa manane, anabadilisha ruhusa za Linux, anarestati seva, anatukana, na kitu bado hakionekani.

Maana yenyewe fupi tu. Eria ya faili ni rekodi ndani ya mipangilio ya BBS, na rekodi hiyo inasema: mpigaji ataona jina gani kwenye menyu, mafaili yapo njia gani kwenye diski, listi ya mafaili na maelezo yake inakaa wapi, nani anaruhusiwa kuiona eria, nani kushusha mafaili (kuyachukua), nani kupandisha (kuyaleta). (Mpigaji ndo yule anayeingia, tunamwita hivyo hata leo anapoingia kwa telnet, yaani kupitia intaneti, na simu haipo popote.) Folda ni kimojawapo tu kati ya hivyo, ni ile njia, mstari mmoja kwenye fomu yenye mistari mingi. Ndo hivyo, maana imeisha.

Sasa turudi kwenye neno maana hapo ndo panaponikera.

Folda ni kitu cha kukunjia karatasi, kabrasha, unafungua unaweka unafunga. Picha yake ni ya chombo. Kilichomo kimo na kisichokuwemo hakimo. Lakini eria ni eneo, na sisi tuna bahati maana Kiswahili kimeshatufanyia kazi: eneo limetoka kwenye kuenea. Eneo siyo chombo, ni mahali ambapo kitu fulani kimeenea, kinafika mpaka hapa halafu kinakoma. Jimbo la uchaguzi ni eneo, na hakuna mtu amewahi kuona jimbo, unaona mashamba na nyumba na barabara, jimbo ni mpaka uliochorwa juu ya ardhi na watu wakaambiwa ndani ya mpaka huu sheria ni hizi na mwakilishi ni huyu. Ukihamishia mawe lori zima ndani ya jimbo hujaongeza wapiga kura. Ndivyo eria ilivyo juu ya diski. Kilatini nacho, ambako Waingereza walilitoa hilo neno, area ilikuwa uwanja mtupu, na pia uwanja wa kupuria nafaka, ambao ukiufikiria kidogo unamfaa sana sisopu (mwendesha BBS) anayepepeta makapi yaliyopandishwa na wageni usiku.

Na kihistoria folda ndo mgeni hapa. CBBS ya Ward Christensen na Randy Suess iliwashwa Chicago tarehe 16 Februari 1978, ubao wa matangazo kama jina lake, watu wanaacha ujumbe tu. Mafaili yalikuwa yanahama kwa itifaki ambayo Christensen mwenyewe aliiandika mwaka 1977, XMODEM. Baadhi ya kompyuta za hobi za wakati huo zilikuwa za CP/M, mfumo endeshi wa kabla ya DOS, na CP/M 2.2 haikuwa na folda kabisa, ilikuwa na maeneo ya watumiaji, 16 kwa kila diski, yamepewa namba 0 hadi 15. MS-DOS nayo ilipata dairektori ndani ya dairektori kwenye toleo la 2.0, mwaka 1983. Na neno folda kwa watu wa Windows limeshika na Windows 95, kabla ya hapo wote tulisema dairektori. Kwa hiyo Tom Jennings anaandika Fido, programu ya BBS, mwaka 1984, ina eria za ujumbe na eria za faili, mtu wa kawaida mwenye PC alikuwa bado miaka 11 mbali na kusikia kompyuta yake ikimwambia folda. Sisemi maeneo ya CP/M ndo yalizaa eria za Fido, nasema watu wale walikuwa wameshazoea kugawa diski kwa eneo kabla chombo hakijafika.

Kwa nini tofauti hii ina uzito? Kwa sababu ya jambo moja ambalo wengi hawajawahi kulifikiria: kwa mtazamo wa kompyuta, wapigaji wote wa BBS ni mtu mmoja. Kweli. Asha akiingia, Juma akiingia, mgeni asiyejulikana akiingia, Linux inaona programu ya BBS tu ndo inasoma diski, kwa akaunti ile ile moja uliyoiwasha nayo. Asha yupo ndani ya kitabu cha watumiaji cha BBS, Linux haimjui. Sasa folda inajua ruhusa za akaunti za Linux, itamtofautisha vipi Asha na Juma? Haiwezi. Ukiifunga folda umeifungia BBS nzima, ukiifungua umeifungulia BBS nzima. Anayejua kwamba Asha ni levo 50 na Juma ni levo 10 ni eria peke yake. Ndo maana yule jamaa kubadilisha ruhusa za folda usiku kucha ilikuwa sawa na kumuuliza mlinzi wa getini nani anadaiwa dukani.

Kwenye Synchronet, programu ya BBS ambayo ndo natumia mimi, ukifungua SCFG (programu yake ya mipangilio) ukaingia kwenye eria unakuta ruhusa zimetengwa: ya kuingia, ya kupandisha, ya kushusha, na ya kuwa msimamizi wa hapo, kila moja unaiandikia sharti lake, mfano LEVEL 50, na moja ikikosa sharti haina maana zingine zimekosa. Unaweza kuwa na eria ambayo kila mtu anasoma listi lakini kushusha mpaka awe amethibitishwa. Unaweza kuwa na eria ya kupandishia ambapo mzigo mpya unatua na hakuna anayeuona mpaka sisopu aukague. Folda ya kawaida mwambie ikufanyie hayo kwa watu ambao mfumo hauwajui, tuone.

Halafu kuna listi. Hapa ndo wengi wanaumia, na mimi nimeumia pia nitasema.

Kwenye folda, faili kuwepo ndo kuonekana. Kwenye eria, faili linaonekana kwa sababu limeandikwa. Programu za ukoo wa Fido zilikuwa na faili la maandishi tu linaitwa FILES.BBS, jina upande wa kushoto, maelezo upande wa kulia, kitu kama hiki:

KAMUSI12.ZIP  Kamusi ndogo ya maneno ya kompyuta, toleo 1.2

Basi, huo mstari ndo cheti cha kuzaliwa. Hamna mstari, hamna faili, hata kama diski imejaa mpaka shingoni. Mtu wa leo anaona ni usumbufu, kwa nini isisome tu kilichomo? Lakini piga hesabu. Majina ya DOS ni herufi 8 na 3 za mwisho, sasa KAMUSI12 unaielewa kidogo, ila ukikutana na KW_X2B.ZIP je? Na modemu ya biti 2400 kwa sekunde inapitisha kama herufi 240 kwa sekunde, kwa hiyo faili la kilobaiti 300 ni dakika 21 na ushee, simu inahesabu, na nyumbani mtu mwingine anaitaka hiyo simu. Nani atakaa dakika 21 kushusha kitu asichokijua? Yale maelezo ndo yaliyokuwa bidhaa, faili lilifuata. Baadaye watengenezaji wakaanza kutia maelezo ndani ya zipu yenyewe, faili dogo FILE_ID.DIZ, mistari isiyozidi 10 yenye herufi 45 kila mmoja, BBS inalichomoa na kuliingiza kwenye listi yenyewe. Mpaka leo Synchronet inakuuliza kwa kila eria kama unataka hilo lifanyike.

Kwa huku kwetu biashara ya mafaili haikuwa kubwa kihivyo, FidoNet, mtandao wa BBS zinazopelekeana barua kwa simu, iliipa Afrika zoni ya 5, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 pale Nairobi kulikuwa na nodi (kituo) ya ELCI, shirika la mazingira, ambayo barua zake zilipitia mtandao wa GreenNet London, ila kwa bei ya simu ya kimataifa ya siku zile mtu alikuwa anabana hata urefu wa barua, sembuse kushusha gemu.

Ushahidi wangu mkubwa kuliko yote ni sidiromu. Miaka ya tisini sisopu ananunua sidii imejaa programu za majaribio, anaipachika kwenye BBS, ghafla ana mafaili maelfu. Sidii haiandikiki. Sasa kama eria ingekuwa ni folda, na listi ikae humo humo kwenye folda, huwezi kurekebisha hata herufi moja wala kuongeza maelezo. Walifanyaje? Njia ya mafaili inaelekea kwenye sidii, listi inakaa kwenye hadi diski (diski ngumu ya kompyuta), na wanaopandisha mzigo wanaelekezwa kwingine kabisa. Maximus, programu ya BBS ya siku zile, ilikuwa na mistari mitatu tofauti kwa hayo mambo matatu, ya kushusha, ya kupandisha, na ya listi. Na ukiitangaza eria kuwa ya sidii ilikuwa inalikopi faili kwenye hadi diski kwanza ndo inamtumia mpigaji, kwa sababu draivu zilikuwa za kobe na wapigaji wawili wakivuta kwa pamoja sidii ile ile kichwa kinakwenda huku na huku kinalia. Eria moja, sehemu tatu za diski. Iko wapi folda hapo? Na kinyume chake kinawezekana, eria mbili juu ya folda moja, kila moja na listi yake na sharti lake, ya wanachama na ya wageni.

Nakubali kuna ninachopaswa kukiri. Synchronet yenyewe inaziita dairektori. Inazipanga ndani ya maktaba, na kila moja ndani ya maktaba inaitwa dairektori, na programu nyingine za BBS, PCBoard nayo ilikuwa na mtindo huo, Mystic inasema besi za faili, Wildcat ilisema eria. Na mtu akiingia Synchronet kwa FTP (njia ya kuhamisha mafaili) anaziona kabisa zimepangwa kama folda, maktaba juu, dairektori chini. Kwa hiyo simlaumu sana anayechanganya, menyu imemdanganya kidogo. Ila angalia vizuri hiyo fomu ya dairektori kwenye SCFG, utakuta ina jina refu, jina fupi, msimbo wa ndani, masharti, na hapo katikati kuna sehemu ya kuandika njia ya mafaili. Kama dairektori yenyewe ingekuwa ndo folda, isingekuuliza folda iko wapi.

Yangu sasa. Mwaka wa kwanza nilikopi zipu 200 na kitu kwenye njia ya eria, nikaenda kulala nikijisikia tajiri. Asubuhi nakuta ujumbe wa mpigaji mmoja, mstari mmoja: "Sisopu, eria tupu." Nikafungua, kweli, sifuri. Nikaangalia diski, zipo zote. Nilikuwa sijaendesha addfiles, ile komandi ya kuyasajili. Nikaiendesha, sekunde chache zikatokea zote na maelezo yake. Miezi kadhaa mbele nikahamisha diski kwenye USB mpya nikasahau kubadilisha njia kwenye fomu, ikawa kinyume chake, listi imejaa, mpigaji anaona kila kitu, akiomba hata faili moja hapati. Mara zote mbili folda ilikuwa nzima.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye Raspberry Pi, sikucheki, umefika mbali kuliko wengi. Hiyo folda uliyotengeneza iache ilivyo. Nenda SCFG, upande wa faili, chagua maktaba, ongeza dairektori (ndiyo, imeandikwa hivyo, wewe soma eria), andika njia ya folda yako kwenye sehemu ya njia, weka sharti la kupandisha maana usipoweka chochote umeruhusu wote, toka, halafu sajili mafaili. Ukiniandikia tena useme "nimeongeza eria ila haionekani" nitajua nianzie kwenye masharti. Ukisema "nimeongeza folda" itabidi nianze kwa kukuuliza kama eria ipo.