Mwewe mwenye njaa hawindi, acheni hizo

Safari hii ni shemeji yangu. Kaona picha ya Harris wangu, mwewe ninayewinda naye, kwenye glavu, swali la kwanza: "kwani unamnyima chakula siku ngapi mpaka anakutii?" Nishachoka kujibu hili mmojammoja, naandika hapa, mkiuliza tena natuma linki.

Ya haraka kwanza. Harris asili yake Amerika, kuanzia kusini-magharibi mwa Marekani mpaka Chile na Argentina. Huku Uingereza tunanunua waliozaliwa bandani, hakuna anayepanda mti kuiba kinda, na nyumbani msijaribu kukamata wa porini, sheria haina utani. Njuga, kamba za ngozi za miguuni, kifaa cha GPS, vyote ni hela tu. Kumzoesha mkono ni uvumilivu: atajirusha, ataning'inia kichwa chini, unamrudisha, anajirusha tena, siku akiinama akala kwenye glavu na wewe upo hapo ndo mmeanza. Halafu kamba ndefu, filimbi, nyama, umbali unaongeza kidogokidogo. Basi.

Sasa uzito, maana ndo ugomvi wote upo hapa. Mwewe aliyeshiba hata porini haruki bure, anakaa mtini anajichambua manyoya. Tunachotafuta ni ule uzito ambao ana hamu ya kula na nguvu anayo. Wangu ni dume, kiangazi akibadilisha manyoya namlisha anavyotaka anafika gramu 690 hivi, msimu wa kuwinda anaruka vizuri kwenye 620. Ndo hiyo tu, kama asilimia 10, na nyingi ni mafuta. Na kila siku anakula! Mkimfunga njaa kweli, hatamkimbiza sungura yeyote, ataruka kidogo atatua kwenye majani anahema.

Na hata wafugaji wenzangu wanaharibu hapahapa, mtu anaulizia "wako anaruka kwenye ngapi?" afu anabeba namba yangu anamshushia ndege wake. Namba peke yake ni uongo. Umempima asubuhi au jioni? Gole, kile kifuko cha chakula shingoni, lina kitu? Ameshatema kile kitonge cha manyoya na mifupa ya jana? Maana kabla hajakitema humpi chakula, na mizani inakudanganya. Afu baridi: 620 ya Oktoba sio 620 ya Januari, usiku wa barafu anachoma akiba yake yote kupata joto tu, ukimlisha idadi ileile ya vifaranga vya Oktoba unamuua polepole huku unajisifu eti hujabadilisha kitu. Na hili ndo watu hawaelewi kabisa: akiruka wiki kadhaa anajenga msuli, msuli una uzito, kwa hiyo ukimng'ang'aniza kwenye namba ileile maana yake umemkondesha. Uzito inabidi UPANDE kadri msimu unavyokwenda. Ndo maana mimi naamini kidole kuliko mizani, napapasa mfupa wa kidari, nyama ijae pande zote mbili, ukihisi umechongoka kama kisu hakuna kuwinda leo, ni kula na kulala. Angalia na kinyesi, ukiona kijani badala ya cheupe chenye doa jeusi, tumbo liko tupu muda mrefu au anaumwa.

Anayetesa ndege hafichiki hata hivyo. Ndege akinyimwa wakati manyoya yanaota, yanatoka na mstari wa kukata, na hapohapo ndo yanakatika baadaye. Na kinda la Harris lililobaniwa chakula linageuka kelele, linakulilia kutwa nzima na kukurukia usoni.

Halafu nikiwa nawinda hana kamba. Akikamata sungura akamla kabla sijafika, gole limejaa, anahamia mti mrefu na filimbi yangu anaisikia vizuri tu, ila haji. Kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda, wanasema, ila siku hiyo anayelala na njaa chini ya mti ni mimi.

Nisichokuwa na jibu lake: kuna siku uzito ule, upepo ule, shamba lile, na ananitazama tu kutoka juu saa nzima. Sijui kwa nini. Wanasema Harris porini anawinda kwa kundi kwa hiyo anakuchukulia mwenzake, napenda kuamini, lakini mke wangu akivaa glavu anamwendea vilevile, sasa sijui ananijua mimi au anaijua nyama.

Mnaotaka kuanza, msianze na kipanga mdogo wa gramu 200 eti ni rahisi kwa sababu mdogo, huyo ukikosea gramu chache asubuhi unamkuta chini amekufa. Tafuteni mzoefu wa kukaa naye msimu mzima, na mizani kabla ya ndege. Ya jikoni inayosoma gramu mojamoja inatosha, ila unga tafuteni nyingine ya kupimia.