Kelele za darasa maalumu si kudekezwa

Hapa Dar es Salaam bado tunasikia kwamba mtoto wa darasa la elimu maalumu anayepiga kelele au kung'ata wenzake amedekezwa, na dawa yake ni fimbo. Si kweli. Kwa mtoto mwenye usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano) asiyeweza kusema, kelele mara nyingi ndiyo kauli yake: mvua inagonga bati, feni inamkera, au kazi imemshinda. Mwalimu makini huandika kilichotangulia, alichofanya mtoto, na kilichofuata. Akigundua kwamba kila mtoto anapopiga kelele huondolewa kwenye somo la hesabu, mwalimu humpunguzia kazi na kumfundisha kuonyesha kadi ya picha ya kuomba mapumziko. Na wazazi, jamani, tusiwalaumu: usonji hauletwi na malezi. Kadi yenyewe hata kipande cha boksi kinatosha.