Eti wenye boti za matanga waliipiga chenga korona? Dhana potofu na ukweli wake

Aprili 2020 mama mmoja anayekaanga samaki karibu na daraja la Kilifi aliniuliza swali ambalo mpaka leo watu wananiuliza, "Mwanangu, hao wazungu wako si wana matanga, na upepo ni wa bure, kwani si watweke waende zao kwao?" Nkamwambia mama, ingekuwa rahisi hivo wangeshaondoka zamani. Akacheka akasema labda ni wewe hutaki waondoke, maana ndo riziki yako. Na kweli mie kazi yangu ni kuangalia boti za watu kwenye hori la Kilifi, kukwangua chini, kushona tanga likichanika, kulala ndani mwenyewe akisafiri. Mwaka ule wenye boti hawakusafiri, walilala humo humo, na mie nkajifunza mengi ambayo nilikuwa nadhani nayajua kumbe sikuyajua. Basi wacha niyaseme.

Wanasema: bahari haina mwenyewe, ukiwa na boti hakuna wa kukufungia.

Hii ndo kubwa na ndo ya uongo kuliko zote. Bahari ina wenyewe mpaka maili 12 za baharini kutoka pwani, yaani kama kilomita 22, hapo ni kwa nchi husika. Sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa inakuruhusu kupita kwa amani, lakini kupita ni kupita, si kusimama ukatia nanga ukapika wali, isipokuwa umeharibikiwa au uko kwenye dhiki ya kweli. Alafu kukanyaga nchi kavu ni habari nyingine kabisa, hapo kuna imigresheni, kuna kastamu, kuna watu wa afya wa bandari, na mmoja tu akisema hapana basi ni hapana. Machi 2020 wote walisema hapana ndani ya wiki moja hivi, yaani mtu katoka bandari moja kila kitu kiko sawa, kafika ya pili baada ya siku 20 anakuta dunia imefungwa mlango.

Na hili lilitokea kweli, kuna wenzi mmoja mwanaume Mwingereza mwanamke Mtaliano walivuka Atlantiki kutoka visiwa vya Canary kwenda Karibi, na walikuwa wamewaambia jamaa zao nyumbani msitutumie habari mbaya tukiwa safarini. Wakafuata. Kufika upande wa pili wanashangaa visiwa vimefunga, na yule mama pasipoti yake ya Italia wakati huo ilikuwa kama ina moto, kilichowaokoa ni rekodi ya GPS ya boti iliyoonesha kwamba siku zote hizo walikuwa katikati ya maji na hawakupita Italia, ndo wakaruhusiwa kuingia St Vincent.

Mwingine ni Juan Manuel Ballestero wa Argentina, huyu habari zake zilienea sana. Alikuwa Porto Santo kule Ureno, ndege za kwao zimesitishwa, babake anakaribia miaka 90, akapandisha tanga mwezi wa Machi peke yake kwenye kiboti cha futi 29 kinaitwa Skua. Alipofika Cape Verde kuomba chakula na mafuta wakamkatalia kutia nanga, akaendelea hivo hivo na makopo yake ya samaki na mchele. Alifika Mar del Plata tarehe 17 Juni, siku 85 tangu aondoke, na bethdei ya baba ilishapita. Watu waliisifu hii stori kama ya mtu huru, mie naiona ni stori ya mtu aliyenyimwa hata pa kununua unga.

Wanasema: nchi moja ikifunga si uende nyingine?

Hapa watu wa pwani hatuna haki ya kukosea kabisa maana wazee wetu waliishi kwa hili. Majahazi yalikuwa yanashuka na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, Desemba mpaka Machi, na kurudi na kusi, ule wa kutoka kusini, na nahodha aliyechelewa msimu alikaa hapo hapo mpaka upepo ugeuke, hakuna maneno. Yoti ya leo, yaani hizi boti za matanga za wageni, ina injini ndio, lakini tenki yake la dizeli ni dogo, ile injini ni ya kuingilia bandarini na kujikwamua, si ya kuvuka bahari.

Sasa hebu tazama Kilifi Aprili 2020. Kaskazi imekwisha, kusi inaingia. Mkondo wa bahari kwetu huku unakwenda kaskazini na wakati wa kusi unazidi nguvu. Anayetaka kwenda Afrika Kusini anapigana na upepo na mkondo kwa pamoja, na hata akifika Afrika Kusini nako kumefungwa tangu 27 Machi. Kaskazini ni Somalia, huko sina haja ya kueleza. Mashariki ni Shelisheli, karibu maili 950 za baharini, siku nane mpaka kumi kwa boti inayotembea noti tano, yaani maili tano za baharini kwa saa, na ukifika ukikataliwa unarudi na maji gani?

Yule mama wa samaki alikuwa ana akili kuliko wengi, aliniambia Tanga je, si Tanzania wao wameshafungua? Kweli, Tanzania ilifungua anga tarehe 18 Mei na Tanga si mbali, maili kama 100 tu. Lakini ni maili 100 za kwenda kusini ndani ya kusi. Na kabla ya kuondoka lazima upate karatasi za kutoka Kenya, na sie tangu 8 Aprili Kilifi, Mombasa na Kwale zilikuwa zimefungwa, huwezi kutoka wala kuingia. Mzee mwenye boti niliyekuwa nikimsaidia, ana miaka sabini na kitu, hofu yake ilikuwa moja: nikitoka hapa na kule wakinikataa, je Kenya watanipokea tena? Hakuna aliyeweza kumjibu. Akabaki.

Kwengine hesabu ilikuwa kali zaidi maana kuna vimbunga. Karibi msimu wao ni Juni mpaka Novemba, na bima nyingi za boti zinataka uwe umeshateremka kusini huko Grenada au Trinidad ndo walipe ukipata hasara. Trinidad ambako boti nyingi hukimbilia kila mwaka ilifunga mipaka Machi 2020 na haikufungua mpaka Julai 2021. Pasifiki nako Novemba mpaka Aprili ni vimbunga, kwa kawaida watu wanashuka New Zealand, nayo ilifunga, waliopewa ruhusa ni wachache waliokuwa na sababu maalumu kama matengenezo makubwa ya gharama, waliosema "tunaogopa kimbunga" wengi waliambiwa pole. Sisi Kilifi Mungu katuweka karibu na ikweta, kimbunga ni nadra, ndo maana boti zilizokwama hapa zilikuwa na bahati japo wenyewe hawakuiona hivo.

Wanasema: boti ikipeperusha bendera ya njano ina wagonjwa.

Hii ilinikera. Vijana wa ngalawa walikuwa wanaipita mbali boti yenye kitambaa cha njano kama vile ina tauni. Ile bendera ya njano tupu ni herufi Q kwenye alama za kimataifa za meli, na maana yake ni kinyume kabisa, inasema chombo changu ni kizima kiafya naomba ruhusa ya kuingia. Kila boti inayotoka nje huipandisha, korona au hakuna korona, na ikishagongewa muhuri inateremsha. Ya kuogopa ni nyingine, ya miraba minne njano na nyeusi, herufi L, hiyo ikiwa bandarini ndo inasema chombo kiko karantini. Zamani kweli njano ilikuwa ya maradhi, kwa hiyo siwalaumu sana.

Wanasema: mtu akishakaa baharini mwezi mzima hana korona, kumkataa ni roho mbaya tu.

Nusu kweli. Korona ikikupata dalili zinakuja ndani ya siku 14, sasa watu wawili waliovuka kutoka Galapagos mpaka Marquesas, maili 3,000 na bila kuona mtu, kama hawakuugua njiani basi ni wazima kuliko afisa anayewakatalia. Na hata neno lenyewe karantini limetoka kwenye siku 40 za Venice, meli ikae nje kwanza, na kabla ya hapo Dubrovnik mwaka 1377 waliweka siku 30. Kwa hiyo kuhesabu siku za baharini si ujanja mpya. Fiji ndo walitumia akili hapo, Juni 2020 waziri mkuu wao Bainimarama akatangaza njia maalumu ya boti kuingilia Port Denarau, siku ulizokaa baharini zinahesabiwa ndani ya zile 14, zikipungua unamalizia ndani ya boti, unapimwa, unaingia. Sikuelewa kwa nini wengine walichelewa kuiga.

Ila roho mbaya, hapana. Visiwa vya Pasifiki vina kumbukumbu. Novemba 1918 meli ya Talune iliingia Apia, Samoa ya magharibi, na ile homa ya mafua ya Kihispania, na ikaua karibu mtu mmoja kati ya watano. Mtu mmoja kati ya watano! Pale pale jirani, Samoa ya Marekani, gavana alizuia vyombo na hakufa hata mmoja. Sasa wewe ni mkuu wa kisiwa chenye hospitali moja, unaona mlingoti unakuja, utakumbuka nini? Mie nisingefungua, na wateja wangu nimewaambia hivo hivo usoni, mmoja alinuna siku mbili.

Wanasema: ni matajiri hao, walikuwa likizo.

Wapo matajiri, siwafichi. Lakini wengi ninaowajua mie ni wastaafu wenye boti ya zamani ya mita kumi, wameuza nyumba wakanunua hiyo, hawana kwengine. Ukiwaambia "rudini kwenu" kwao ndo hapo unapopaona.

Na likizo gani? Boti inayokaa maji ya joto bila kutembea inaota majani na vikonokono chini mpaka haiendi. Wazee wetu walikuwa wanapandisha chombo wakati wa bamvua, yale maji makubwa, maji yakitoka wanakwangua wanapaka deheni, ile chokaa na shahamu, wanangoja maji yarudi. Yoti ina mkuku mrefu chini, ule uti wa mgongo wa chombo, huiwachi tu mchangani ilale, inataka nguzo za kuiegemeza na rangi yake maalumu, na rangi ilikuwa Mombasa, na Mombasa barabara imefungwa. Kwa hiyo mie nilikuwa napiga mbizi na mkwanguo mkononi kila wiki mbili, maji yana ukungu sioni hata vidole, mzee kashika kamba juu ananihesabia dakika.

Gesi ndo ilikuwa sinema. Mitungi yao ni ya Ulaya, koki yake haikubaliani na ya kwetu, na ilipoisha kila duka likasema haijazwi hapa. Wiki nzima yule mzee na mkewe walikula mkate na embe. Nkawapelekea meko ya kilo sita, ile yenye kichomeo juu yake. Mke wake akataka kuiweka jikoni ndani, mzee akapiga kelele mpaka nkashtuka. Kumbe gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja kwenye nyumba inatokea mlangoni, kwenye boti inateremka mpaka ngama, chini kabisa ya boti, na kukaa huko inangoja cheche. Wakaifunga kwa kamba nje nyuma kabisa karibu na usukani, wakawa wanapika pale hata mvua ikinyesha, mmoja anakoroga mmoja ameshika mwavuli. Likizo hiyo.

Kuna mengine madogo madogo. Kafyu yetu ilikuwa saa moja jioni mpaka kumi na moja alfajiri, na iligusa wavuvi wa usiku kuliko hao wageni. Panama walipanga wanawake siku zao na wanaume siku zao kutoka nje, kwa hiyo mtu na mkewe kwenye boti moja hawaendi dukani pamoja, mmoja analinda nanga. Na visa zinaisha huku huwezi kuondoka, hiyo kila mtu ilimuuma.

Agosti mosi 2020 Kenya ikafungua ndege za kimataifa, barabara zilishafunguliwa Julai. Mama wa samaki akaniita kwa mbali, "Haya mwanangu, mlango huo umefunguliwa, mbona bado wapo?" Nkamuonesha minazi ilivyolala. Kusi ilikuwa kali.

Waliondoka Desemba, kaskazi iliposhika, kuelekea Tanga. Meko wakaniachia, na mtungi wao wa Ulaya pia, mtupu, hakuna anayeutaka.